Paa limekwenda na upepo, nianzie wapi? Mama Chifu anajibu

Tangu masika yaanze, barua zinazonifikia karibu zote ni za paa. Zipo za Malindi, za Magarini, na safari hii hata za Lamu. Nilikuwa naibu wa chifu huku Malindi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na orodha za walioathirika zilipita mikononi mwangu kila mvua zilipozidi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu walioleta swali kama hilo ni wengi.

*Mama Chifu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Muyeye. Usiku ule wa upepo mabati ya chumba cha watoto na ya jikoni yaling'oka yakaangukia kwa jirani. Kesho yake ukuta wa udongo upande huo nao ukaanguka. Nyumba ni yangu, niliijenga na marehemu mume wangu, lakini ardhi si yangu, nalipa kodi ya shamba. Mzee wa mtaa alipita, akaandika majina kwenye daftari, akaenda zake. Sasa kuna kijana anazunguka anakusanya shilingi 500 na kopi ya kitambulisho, asema ni za kufungulia faili ya ruzuku ya serikali ya kujenga nyumba. Wenzangu wameshatoa. Nami nitoe? Na bila hati ya shamba, serikali itanisaidia kweli?* – Mama wa Wanne, Muyeye

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na huyo kijana maana ndiye wa haraka. Usimpe pesa, na kopi ya kitambulisho usimpe. Kuandikwa kwenye orodha ya walioathirika hakulipiwi. Barua ya chifu hailipiwi. Kukaguliwa nyumba hakulipiwi. Nenda leo kwa mzee wa mtaa na kwa naibu wa chifu, uwatajie jina lake na namba ya simu anayopokelea pesa. Wenzako waliokwisha kutoa waende pamoja kituo cha polisi, na wasifute ule ujumbe wa malipo kwenye simu. Jambo hili huniuma sana. Mtu aliyelala nje na watoto, akili yake imechoka, ndiye matapeli wanayemwendea kwanza. Tena hata kwa ofisi halali, kopi ya kitambulisho usiitoe tupu: andika juu yake kwa kalamu "Kwa tathmini ya nyumba tu" na tarehe ya siku hiyo. Kopi tupu yaweza kutumiwa kusajili laini ya simu au kuombea mkopo usioujua.

Sasa ruzuku yenyewe. Nitakueleza ilivyo ili usikae ukingoja kisichokuja. Hapa Kenya hakuna fungu la kudumu ambalo mwananchi anajaza fomu mwezi wowote, kisha akalipwa gharama ya paa lake. Baada ya dhoruba, serikali hutoa msaada wa dharura: mabati, misumari, mbao, magodoro, mablanketi, chakula, na mara nyingine pesa kidogo kwa simu. Msaada huo unafuata majina yaliyoandikwa. Nimeona nyumba iliyobomoka kabisa ikakosa hata bati moja kwa sababu mwenyewe alikuwa hospitalini na mtoto siku ya kuandikisha, na hakuna aliyemtaja. Na nimeona aliyepoteza bati mbili akapata, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa kamili. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye mambo ya dharura ndivyo ilivyo hasa.

Milango ni miwili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mmoja ni wa serikali kuu: mzee wa mtaa, naibu wa chifu, chifu, hadi ofisi ya naibu kamishna wa kaunti. Wa pili ni wa serikali ya kaunti ya Kilifi: msimamizi wa wodi, kisha msimamizi wa kaunti ndogo, kisha idara inayoshughulikia majanga kule makao makuu. Hawa ni watu wa serikali mbili tofauti, wana bajeti mbili na orodha mbili. Ukiandikwa na mzee wa mtaa hujaandikwa na kaunti. Tulipokuwa tukikaa kulinganisha orodha, nyumba iko kwetu, kwao haipo, na nyingine kinyume chake. Kwa hivyo wewe mwenyewe nenda kote kuwili. Mlango wa tatu ni Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo halingoji serikali. Simu yao ni 1199 na haikatwi pesa. Nao mara nyingi huanza kwa kumuuliza chifu, ndiyo maana jina lako lazima liwe limekaa sawa kule.

Kwa mbunge usipoteze nauli kwa ajili ya paa. Pesa za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni za miradi ya umma: darasa la shule likiezuliwa, ndilo la kwao. Lakini kuna jambo moja wajane wengi hawalifikirii. Ofisi hiyo hiyo, pamoja na kaunti, hutoa basari za karo. Ikiwa una mtoto wa sekondari, omba basari safari hii hata kama hujawahi kuomba, na barua ya chifu inayotaja nyumba yako iliyoezuliwa uiambatishe. Karo ikipungua, pesa za mbao zimepatikana.

Turudi kwa kaunti, maana kuna sheria ambayo ukiijua utaandika barua vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Pesa hizo hutolewa kwa hitaji la haraka, ambalo halikutazamiwa na haliwezi kungoja bajeti ijayo. Soma tena maneno hayo. Barua inayosema "mimi ni mjane sina mbele wala nyuma" inamhuzunisha msomaji lakini haimpi la kuandika kwenye ripoti. Barua inayosema "watoto wanne, mdogo ana miaka mitatu, wanalala chumba kisicho na paa, na mvua bado zinanyesha" inampa.

Angalia kalenda pia. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha 30 Juni. Masika yetu yanapiga Aprili na Mei, wakati ambapo mafungu mengi yamebaki chini kabisa. Ukiambiwa Mei kwamba pesa zimekwisha, huenda umeambiwa kweli. Usikate tamaa ukaacha. Rudi Julai na nakala yako yenye muhuri, uulize kama jina lako limehamishiwa mwaka mpya. Wasiorudi Julai huonekana kama wameshajimudu.

Hilo la shamba nalo. Tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, watu wa pwani wengi wamekuwa wakiishi juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine, na nyumba bila shamba ni jambo la kawaida Malindi kama lilivyo Mombasa. Msaada wa dharura unamfuata aliyeathirika. Hauulizi hati. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba nyumba ni yako na unaishi humo. Risiti za kodi ya shamba ndizo bora, maana zina jina lako na miezi. Kama huna risiti, tafuta ujumbe wa simu wa malipo, bili ya maji au ya stima, na majirani wawili watakaoweka sahihi na namba za vitambulisho vyao. Ofisi ikikazania kiapo, kinaapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Uliza kwanza mahakamani, kabla ya kumlipa wakili. Ila nikuonye: ukipata vifaa, kurudisha mabati na udongo kama vilivyokuwa hakuna ugomvi. Ukitaka kugeuza ukuta uwe wa mawe, zungumza na mwenye shamba kwanza, na akikubali mwandikiane. Makubaliano mengi ya nyumba bila shamba hayaruhusu jengo la kudumu, na nimeona mama akijenga ukuta mzuri wa mawe ya msaada halafu akaandikiwa notisi.

Kazi ya leo, basi. Kabla hujaokota wala kufagia, piga picha. Simama mbali nyumba yote ionekane na nyumba ya jirani, ili mtu ajue ni pale kweli. Kisha sogea: pembe iliyobomoka, mbao zilizovunjika, mabati yaliyokunjika pale yalipoangukia, na chumba cha watoto ukiwa ndani unatazama juu. Kama umeshasafisha, piga hivyo hivyo, na uwaombe majirani picha walizopiga wao asubuhi ile. Ile tahadhari ya upepo iliyotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, kama ipo kwenye simu ya mtu, itunze pia. Hiyo inathibitisha siku.

Halafu ita fundi apime. Asikwambie "kama mabati kumi na kitu hivi". Aandike: mabati 14 ya geji 30, futi 10, mbao mbili kwa mbili futi kadhaa, mbao za kenchi, misumari ya mabati kilo ngapi, kofia ngapi. Peleka karatasi hiyo duka la hadiwea wakuandikie bei na kupiga muhuri. Duka hutoa karatasi ya bei bila malipo. Afisa anayekagua nyumba nyingi kwa siku moja akikuta hesabu iko tayari, ndiyo atakayoiandika.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iweke hivi:

"Kwa Msimamizi wa Wodi. Nakala: Chifu. Mimi (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba, simu) ni mkazi wa Muyeye, karibu na (msikiti, shule au kisima kinachojulikana). Usiku wa tarehe fulani upepo uliezua paa la vyumba viwili na ukuta mmoja ukaanguka. Tunaishi humo watu watano, wakiwemo watoto wanne wa miaka hii na hii. Kwa sasa tunalala (mahali). Naomba nyumba ikaguliwe na nisaidiwe vifaa vya kuezekea kwa dharura. Nimeambatisha picha, makadirio ya fundi, karatasi ya bei, na risiti za kodi ya shamba. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi."

Fanya nakala tatu. Moja kaunti, moja kwa chifu, na ya tatu wapigie muhuri wa kupokea, tarehe na jina la aliyepokea, urudi nayo nyumbani. Karani akikwambia "iache tu, tutaishughulikia", mwambie kwa adabu kwamba utasubiri muhuri. Kaa kwenye benchi usubiri. Muhuri huo utakufaa Julai, na utakufaa ukinyimwa.

Jambo la mwisho kwako. Msaada ukija kwa kawaida ni mabati na misumari, na watu hukimbilia kupigilia juu ya mbao zile zile. Hewa yetu ina chumvi. Msumari unaliwa kutu kichwani na mbao inaoza pale pale msumari ulipoingia, ndiyo maana upepo uliokuta bati umelibeba zima. Mwambie fundi achome kila mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, mbao hiyo iondoke. Na kenchi zifungwe kwenye nguzo za ukuta kwa ukanda wa bati au waya mnene uliosokotwa, zisikae kwa uzito wake tu. Mabati mapya juu ya mbao mbovu yataondoka na kusi ya mwakani.

*Assalaam alaykum Bi Chifu. Mimi ni mzee wa Mkomani, Lamu. Nyumba ni ya urithi, mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti. Mvua zimeingia juu na ukuta wa uchochoroni umepasuka na kufura. Wanangu wasema tuuvunje tujenge kwa matofali ya simiti, na tuiombe kaunti itusaidie. Wewe waonaje?* – Babu wa Mkomani

Waalaykumu salaam kaka yangu. Kwanza, leo usiku asilale mtu chumba kilichoegemea ukuta huo, na uchochoro ufungwe. Hapo wanapita watoto wa madrasa na punda wenye mizigo. Mwambieni chifu na msimamizi wa wodi waje na mtu wa idara ya ujenzi ya kaunti akague kwa hatari. Ripoti hiyo ya hatari ndiyo mwanzo wa ombi lako lolote, kwa sababu ukuta unaotishia wapita njia ni shauri la umma, si la nyumba yako peke yake.

Wanao wasivunje kitu kabla ya kwenda Makavazi ya Kitaifa, shirika la serikali linalotunza turathi. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inalinda majengo yake. Kubomoa ukuta wa nje bila ruhusa kutawaletea kesi, na ombi la msaada litakufa hapo. Nendeni ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi pale Lamu, waje waangalie. Hata wasipokuwa na pesa, wanawajua mafundi wa chokaa, na ushauri wao ni bure.

Kuhusu simiti, nawaomba wanao wanisikilize. Ukuta wa matumbawe unavuta maji na kuyatoa. Chokaa inauacha upumue. Ukiufunika kwa simiti, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, na ukuta unafura kama ulivyoeleza. Hebu uliza kama sehemu iliyopasuka haikupigwa plasta ya simiti na fundi fulani zamani. Mara nyingi ndipo panapoanzia. Boriti zilizooza zibadilishwe kwa boriti za mikoko, na ununue kwa muuzaji anayefanya kazi kwa leseni ya Huduma ya Misitu, upewe risiti, maana risiti hiyo itaingia kwenye faili yako.

Kwa kuwa nyumba ni ya urithi, kuna karatasi moja zaidi ambayo wa Muyeye haihitaji. Warithi wote waandike na kuweka sahihi kwamba wewe ndiye mwombaji kwa niaba yao. Kama mirathi haijagawanywa, Kadhi atawaelekeza. Msaada ukitoka kabla ya karatasi hiyo, ndugu aliye Mombasa au Jeddah atasema hakuulizwa, na mabati yatakaa stoo huku ninyi mkiwa barazani mnabishana.

*Shikamoo Mama Chifu. Niko Gongoni. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, nililiona kwa macho yangu. Siku ya kugawa nikapewa blanketi na unga, majirani wengine wakapewa mabati kumi kumi. Nyumba yangu ndiyo iliyoharibika zaidi. Nikiuliza naambiwa orodha ilitoka juu.* – Kijana wa Gongoni

Marahaba. "Imetoka juu" si jibu, na huna haja ya kugombana na mzee wa mtaa kulipata. Andika barua mbili fupi kwa ofisi iliyogawa. Ya kwanza uombe kuonyeshwa vigezo vilivyotumika na daraja uliyowekwa katika tathmini, kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ya pili uombe sababu kwa maandishi za kukunyima vifaa, kwa kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo. Zote zipigwe muhuri wa kupokea. Siku zikipita kimya, peleka nakala zako kwa Ofisi ya Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo ya habari, na malalamiko hayalipiwi.

Lakini kabla ya barua, angalia jambo moja. Katika tathmini nyumba hupangwa: zilizobomoka kabisa, zilizoezuliwa, zilizovuja. Mkaguzi akikukosa nyumbani akaona ukuta wa mbele umesimama, anakuandika "imevuja" na anaendelea. Blanketi na unga vinaniambia huenda ndivyo ilivyokuwa kwako. Ikiwa ni hivyo, omba kukaguliwa upya, ukiwa na picha za nyuma ya nyumba. Marekebisho ya daraja hupatikana upesi kuliko malalamiko, na msaada ukibaki stoo huwa unatolewa kwa waliorekebishwa.

*Mama Chifu, mimi ni mpangaji Kisumu Ndogo. Nyumba imeezuliwa, mwenye nyumba yuko Nairobi na hapokei simu. Nani aandikishe?* – Mpangaji

Ninyi wote wawili, kila mtu na lake. Mwenye nyumba anaandikisha jengo. Wewe unaandikisha kaya: godoro, vyombo, vitabu vya watoto, chakula kilicholowa. Mwambie mzee wa mtaa akuandike kama mpangaji, aweke na namba ya mwenye nyumba, na wewe umtumie ujumbe wa maandishi wenye picha ili ionekane alijulishwa. Kama utanunua turubai au kumlipa fundi kwa pesa zako, mwandikie kwanza kiasi na risiti uziweke, mje mkatane kwenye kodi. Usiezeke kwanza ukadai baadaye.